Maitikio ya Katekista Marcelino

Marcelino Kalinga alikuwa katekista wa kigango kimoja kilichoko vilimani, juu kidogo ya Kalenga, kwa miaka kumi na tisa. Miaka sita ya mwisho alikuwa kiziwi, na watu hawakujua. Mke wake alijua. Yeye mwenyewe alijua asubuhi, ikifika mchana amesahau.

Utauliza, mtu anakuwaje kiziwi miaka sita mbele ya watu wasijue? Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kigango hakina padri. Padri anakuja mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote katekista ndiye anayeongoza ibada, anazika, anafundisha wanaojiandaa kubatizwa. Kazi hiyo ina maneno yake, na maneno yana majibu yake. Ukiuliza sakramenti ni ngapi, darasa linajibu ni saba. Hata usiposikia unajua wamesema saba, maana tangu wamisionari waje hakuna aliyewahi kusema nane. Barabarani nako ni hivyo hivyo. Mtu wa Uheheni akikutana nawe hakurukii na shida yake. Kwanza kamwene, nawe kamwene. Habari za nyumbani, nzuri. Watoto, hawajambo. Ng'ombe, wapo. Mvua, tunamshukuru Mungu. Ukizoea, unaweza kuitikia yote hayo huku umelala.

Uziwi wenyewe aliutoa Makongolosi. Alikwenda huko kijana wa miaka ishirini na mbili kutafuta dhahabu, na dhahabu aliyoipata ni kusimama miaka saba kwenye karasha, ile mashine ya kuvunja mawe, akiilisha mawe tangu asubuhi mpaka jioni. Masikioni aliweka vitambaa. Wenzake pale walizungumza kwa vidole kama mabubu, na Jumapili walipokwenda kanisani walipigiana kelele kwenye kuungama mpaka watu wa nje wakajua dhambi zao. Aliporudi Kalenga alikuja na bati ishirini za nyumba na nyenje mmoja katika sikio la kushoto. Nyenje yule hakunyamaza tena. Baadaye sikio la kulia nalo likapata filimbi yake, nyembamba, kama maji yanapokaribia kuchemka kwenye birika. Sauti za watu zikaanza kuondoka kidogo kidogo. Zilianza za wanawake, zikafuata herufi za mwisho wa maneno, mwisho ukabaki mngurumo tu.

Pamoja na hayo alikuwa na furaha. Alitoka machimboni bila kitu cha kujivunia, na sasa watu walimwita Mwalimu. Vikao vilimngoja. Wazee waliomzidi umri walivua kofia. Ukatekista ndio uliomfanya mtu, na alijua kwamba siku utakapomtoka atarudi kuwa yule mlisha mawe wa Makongolosi.

Kilichomtoa mafichoni ni mzee Sedekia. Jumapili moja ya Januari mwanamke mmoja alimfuata kabla ya ibada akamwambia atangaze kwamba mzee Sedekia amelazwa. Marcelino alishika sehemu ya neno, nyingine akajijazia, kama alivyozoea. Alisimama mbele akatangaza kwa sauti ya majonzi kwamba mzee Sedekia amelala katika Bwana. Binti zake wawili walianguka palepale kwenye benchi wakilia. Kwaya ikaanzisha wimbo wa maiti. Baada ya wiki mbili Sedekia mwenyewe alitembea kwa miguu yake, akaja akaketi benchi la mbele na fimbo yake, akamkodolea katekista macho tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho.

Halmashauri ya walei, yaani wale wazee na akina mama wanaoendesha mambo ya kigango, ilimwita. Mwenyekiti alikuwa mzee Aroni, mtu mpole asiyependa kuudhi, na kwa hiyo alizungumza kwa kuzunguka sana, huku Marcelino akiitikia kwa kichwa mahali pasipotakiwa. Mwishowe mzee Aroni akainama, akapaza sauti karibu na sikio lake.

"Mwalimu! Mwezi wa nane paroko anakuja kukagua vigango! Tunataka tumwonyeshe katekista mwenye masikio! Ukipona, kazi ni yako! Usipopona, anashika Anord!"

Anord alikuwa msaidizi wake, mtu wa miaka thelathini na tano, mwenye meno mazuri na sauti nzuri na haraka ya maisha. Alicheka.

"Mimi sina papara, Mwalimu. Nangoja tu siku utakayonisikia nikikuaga."

"Asante, mwanangu," Marcelino akajibu. Kikao kizima kikashika midomo.

Basi akaanza kutafuta dawa, na miezi ilikuwa inahesabika.

Rozalia, dada wa mkewe, alimletea mafuta yaliyochemshwa na vitunguu saumu, akamtilia matone ya vuguvugu. Yalimpa raha, akalala vizuri, akaamka na nyenje wake. Akajaribu asali ya nyuki wadogo. Sisimizi walimsumbua siku tatu. Jirani mmoja alikuja na mshumaa wa sikio, bomba refu la kitambaa kilichopakwa nta. Unamlaza mtu ubavu, unachomeka mshumaa sikioni, unauwasha juu, nao eti unavuta uchafu. Ulipokwisha walikata kile kipande kilichobaki, wakakuta ndani kitu cha njano, laini, kama ugali wa mahindi ya njano uliokaa.

"Ona!" jirani akasema. "Ona mzigo uliokuwa unaubeba kichwani, shemeji!"

Marcelino aliutazama ule uchafu kwa heshima kubwa. Alisema anasikia nafuu. Mkewe, Paskalina, hakuridhika. Mwanamke huyu alikuwa na mwili mdogo na maswali mengi. Aliuchukua mshumaa wa pili, akauchomeka kwenye mdomo wa chupa tupu, akauwasha, akakaa kando yake akichambua maharage mpaka ulipoisha. Kisha akaukata. Ndani kulikuwa na kitu kilekile cha njano.

"Na chupa nayo ilikuwa kiziwi?" akamuuliza jirani.

Jirani alikasirika, akachukua mishumaa yake akaenda zake. Marcelino naye alikasirika. "Wewe unataka nisipone," alimwambia mkewe. "Dawa inataka imani."

Paskalina ndiye aliyemlazimisha kwenda Mbeya, kwa binti yao aliyeolewa huko, wakaingia hospitali kubwa. Hiyo ilikuwa Februari. Aliyewapokea kitengo cha masikio aliitwa Esnath, mama wa Kinyakyusa mnene mwenye viatu vya raba, ambaye alimtazama Marcelino usoni kila alipotaka kusema, akatamka taratibu, na pale palipokuwa pagumu akaandika kwenye karatasi. Alimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta nene, akamvisha vifaa masikioni, akampa kitufe. "Ukisikia mlio, hata mdogo kiasi gani, bonyeza." Marcelino akakaa. Alimsikia nyenje. Alisikia filimbi. Mara chache akasikia kitu kama ngoma mbali, akabonyeza. Alipotoka, Esnath alikuwa na karatasi yenye mstari uliotelemka kama njia ya kushuka mtoni.

"Baba, karasha imekula vinywele vidogo sana vilivyo ndani kabisa ya sikio. Hivyo vikifa havioti."

"Dawa yake?"

"Ya kuviotesha, hakuna. Sio hapa tu, hakuna popote. Lakini kuna kifaa cha kuvaa, kinakuza sauti. Hakirudishi masikio ya ujana, ila utaongea na watu. Na ukianza kusikia vya nje, hata huo mlio utaacha kukutawala."

Marcelino alimtazama mkewe. Safari yote ile kuja kuambiwa hakuna dawa.

Esnath aliona uso ule. Bila shaka alikuwa ameona nyuso nyingi za namna ile. Akasogeza kiti. "Najua utaletewa dawa nyingi. Sikukatazi kuzitazama. Ila mtu akikwambia umepona, usikubali mpaka akupime hivi. Asimame nyuma yako, afunike mdomo, akutajie maneno usiyoyategemea. Fisi. Kufuli. Pilipili. Wewe uyarudie. Ukiyapata, dawa imefanya kazi. Ukiyakosa, haikufanya. Asikupime kwa mambo unayoyajua."

Akamwandika kwenye orodha. Tarehe kumi na saba Mei kundi la madaktari lingefika Iringa mjini na vifaa vichache, bure. Asiyefika siku hiyo, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Paskalina aliikunja karatasi yenye mstari akaiweka kifuani, na njiani kote, Makambako, Nyololo, Mafinga, aliigusa kuhakikisha ipo.

"Yule mama ni mwongo," Marcelino alisema walipofika nyumbani. "Kufuli na fisi! Nani anazungumza kwa kufuli na fisi?"

Aprili akaja Dokta Ezron. Alitoka Mbeya vilevile, lakini huyu alikuja na gari lenye spika mbili juu yake, koti jeupe, na chupa ndogo za dawa iitwayo Sikia Upya. Aliweka meza mnadani. Alikuwa na mashine. Unashika chuma kiganjani, mashine inasoma figo, ini, mishipa na masikio, yote kwa dakika moja. Ilisoma kwamba Marcelino ana sumu ya madini.

"Ulifanya kazi machimboni, mzee wangu?" Ezron akamuuliza, akiwa amelitazama kovu alilopigwa na jiwe kwenye kidole gumba. Paskalina aliona alivyolitazama. Marcelino aliona mashine tu.

Matone yalikuwa ya joto, yenye harufu ya mkaratusi. Yaliingia sikioni yakatuliza vizuri. Nyenje akapungua siku tatu, kama alivyokuwa akipungua na kuzidi mwenyewe miaka yote, ila safari hii kupungua kwake kulikuwa na jina. Baada ya wiki mbili Marcelino alirudi mnadani kupimwa. Ezron alimsimamisha mbele ya watu, akazunguka nyuma yake, akamwekea mkono begani.

"Kamwene, mzee!"

Marcelino aliusikia mngurumo. Alihisi pumzi shingoni na mkono begani. "Kamwene!" akasema.

"Ooooh!" watu wakasema, naye aliwaona wakifungua midomo.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, nzuri."

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina!"

Wanawake walipiga vigelegele. Marcelino aligeuka na machozi. Msidhani alikuwa anadanganya. Mtu anayeitikia sawasawa anaamini amesikia. Kichwani mwake maneno yalikuwa yamelia waziwazi, kwa sauti ileile ya zamani. Nani angemwambia kwamba ilikuwa ni sauti yake mwenyewe?

Paskalina alimwambia. Jioni ile, Marcelino akiwa anaota moto, alisimama nyuma yake akaziba mdomo kwa kitenge.

"Fisi."

"Mm," akasema Marcelino.

"Kufuli."

"Nakuja."

"Pilipili, mume wangu. Pilipili."

"Nimeshashiba," akasema, na akageuka akamwona na kitenge mdomoni, akajua alichokuwa anafanya. Akabeba kigoda chake akatoka nje.

Dokta Ezron akamwomba atoe ushuhuda siku ya mnada mkubwa wa mjini, redio itakuwepo. Siku yenyewe ilikuwa tarehe kumi na saba Mei.

Paskalina alipiga magoti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mumewe tangu arusi. Alimpigia kelele sikioni mpaka koo likakauka: kwanza kifaa, ushuhuda baadaye! Marcelino akamjibu kwa upole kwamba mtu aliyepona akienda kupanga foleni ya viziwi anamwibia kiziwi nafasi yake. Na kwa kweli alisema hivyo kwa moyo safi. Alivaa shati lake la Pasaka akaenda kwenye spika. Nafasi yake kwa madaktari ilichukuliwa na mpasua mbao mmoja wa Mufindi.

Maneno yake redioni yalikuwa haya: "Mimi ni katekista Marcelino Kalinga wa Kalenga. Nilikuwa sisikii. Sasa nasikia kila kitu, hata mtu akinong'ona." Waliyarusha kila siku saa saba mchana, baada ya matangazo ya vifo. Kigangoni watu walisikiliza wakajivunia. Mzee Aroni alikuja kumpa mkono. Anord aliacha mizaha wiki nzima. Tangu hapo watu waliacha kumpazia sauti. Walizungumza naye kama mnavyozungumza na mtu yeyote, tena wengine walifanya kunong'ona, kwa heshima ya dawa.

Sasa kulikuwa na binti mmoja anaitwa Anjela, mtoto wa mama Apolonia. Mwaka uliotangulia alikuwa kwenye darasa la ubatizo la Marcelino. Tumbo lilipoonekana, bila mume, Marcelino alimtoa darasani mpaka atakapojifungua na kutubu. Ndiyo ilikuwa desturi ya kigango, wala hakuitunga yeye. Wiki iliyofuata darasa lilifundishwa kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote, hata asiye padri wala katekista, anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Anjela somo hilo lilimpita.

Mtoto alizaliwa wa kike, wakamwita Goodness. Julai, baridi ikiwa imeshika kweli, alipata homa ya kifua. Siku ya tatu walimkodia bodaboda wampeleke Iringa. Njia inapita juu ya vinyungu, zile bustani za bondeni ambako watu hulima wakati wa kiangazi kwa unyevu wa mto. Anjela alimwona katekista chini anapalilia njegere zake. Mtoto alikuwa ameanza kugeuza macho. Alimwachia mama yake mtoto juu ya pikipiki, akateremka mbio.

Lakini alikuwa amelelewa. Alipofika hatua tano kutoka kwa Mwalimu alisimama, akapiga goti kwenye tope, akainamisha uso chini kama msichana anavyopaswa mbele ya mtu mzima, hasa msichana aliyewahi kufukuzwa darasani na mtu huyo.

"Kamwene, Mwalimu."

Marcelino alimwona akipiga goti. "Kamwene, mwanangu."

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

Na Anjela, bila kuinua uso, kwa sauti ya chini ya mtu anayeona haya, akasema: "Mtoto wangu anakufa, Mwalimu. Yuko pale juu na bibi yake. Naomba uje umbatize. Najua nilikosa, lakini yeye hajakosa. Naomba."

Marcelino aliona kitambaa cha kichwani, cha bluu. Alisikia mngurumo mdogo, uliopanda ukashuka, wenye urefu sawasawa na habari za nyumbani, za mama, za mtoto, za baridi. Akafurahi kwamba binti huyu amekuja kumsalimu, hana kinyongo.

"Nzuri tu, mwanangu," akasema, akitabasamu. "Tunamshukuru Mungu. Haya, wasalimie."

Akageukia njegere zake.

Anjela alibaki pale kwenye tope muda wa kuhesabu mpaka kumi labda. Kisha akapanda mlima. Mtoto alikufa kabla hawajafika lami, na alizikwa bila katekista, kwa sababu mama Apolonia alisema mtu yule akikanyaga uwanjani kwake atamwagiwa maji ya moto.

Marcelino alijua kuna jambo pale watu walipoacha kuitikia salamu yake. Alisema kamwene, wakapita. Hilo alilisikia vizuri. Paskalina ndiye aliyemwandikia mambo yote kwenye daftari la mafundisho, maana hakutaka kuyapigia kelele majirani wakasikia. Alisoma mara mbili. Akatoka nje, akaketi nyuma ya banda la kuku mpaka giza likaingia.

Halmashauri ilikutana kanisani Jumamosi. Watu walijaa mpaka madirishani. Anjela alikaa nyuma, karibu na mlango, peke yake. Mzee Aroni aliandika swali kwenye karatasi, kwa sababu Paskalina alimwomba hivyo: Kwa nini ulimkatalia mtoto anayekufa?

"Sikumkatalia," Marcelino akasema. "Sikumsikia."

Kanisa likacheka. Halikuwa cheko la furaha.

"Saa saba kila siku unasikia mpaka minong'ono," Anord akasema, "binti wa watu akipiga magoti ndio unakuwa kiziwi? Huyu anasikia hata mbu akipiga chafya."

Paskalina alisimama, akatoa kifuani karatasi ya Mbeya. Ilikuwa imelegea kwa jasho. Mzee Aroni aliifungua, akautazama mstari unaotelemka, akaitazama tarehe.

"Mama, hii ni ya Februari. Mwalimu alipona Aprili. Alisema mwenyewe."

"Hakupona! Mimi nilimpima! Nilimwambia pilipili, akaniambia ameshiba!"

Hapo hata mama Apolonia alicheka.

"Basi tumpime hapahapa," mzee Aroni akasema, "yaishe. Asije mtu akasema tumemwonea."

Akainuka, akapita kando ya Marcelino, akaenda kusimama nyuma yake. Marcelino aliona macho ya watu wote yakipanda juu ya bega lake, yakatulia huko. Sakafu ya mbao ilitikisika kidogo chini ya viatu vya mzee, ikatulia. Akaelewa. Akili yake haikuwa kiziwi. Alielewa kwamba akinyamaza sasa, akikaa tu kama jiwe, watajua. Atapoteza kazi, ndiyo, lakini ataipoteza kama mgonjwa. Watampa kiti mbele. Na yule binti pale mlangoni atajua hakukataliwa. Ilitakiwa tu asiseme kitu. Akafunga mdomo. Akauma meno.

Ukaja mngurumo. Vipande vitatu, cha katikati kimevutwa. Tangu ajue kuongea hakuwahi kuiacha salamu ya mtu mzima ikaanguka chini. Baba yake alimchapa kwa hilo akiwa na miaka minne. Machimboni, karasha ikiunguruma, aliitikia kwa kuinua mkono. Aliyeacha kuitikia ni mchawi au ni maiti.

"Kamwene, baba," mdomo wake ukasema.

Mngurumo mwingine.

"Milele na milele, amina."

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini lilikuwa limeshatoka, na kanisa lote lilikuwa limesimama.

"Muulizeni kingine!" Paskalina alikuwa analia. "Mzee Aroni, nakuomba! Muulize asichokijua! Mwambie fisi! Mwambie chochote!"

"Kaa chini, mama," mzee Aroni akasema taratibu. "Tumesikia wote."

Paroko alipokuja mwezi wa nane alimkuta Anord mbele, na barua ya halmashauri mezani. Ilisema kwamba katekista wa zamani ameondolewa kwa ukatili.

Siku chache baadaye Paskalina alimchukua mumewe wakaenda kwa Anjela, kwenye kinyungu chake cha maharage, mbali na mama Apolonia. Marcelino alipiga magoti yeye kwanza. Alisema maneno aliyoyapanga usiku kucha: kwamba hakusikia, kwamba angepanda ule mlima kwa mikono na magoti, kwamba anaomba msamaha hata kama hastahili. Anjela aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. Ndipo akaongea, akimtazama Paskalina.

"Najua hakusikia. Nilijua palepale kanisani. Mzee Aroni hakusema Tumsifu. Alisema 'Unanisikia, Marcelino?' Na yeye akajibu milele na milele. Mimi niliyekuwa mlangoni nilisikia vizuri. Hata wa mbele walisikia, ila walikuwa wameshaamua."

Paskalina akamsogelea. "Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Mtu aliyenikatalia naweza kumchukia, nikalala. Huyu ukinipa kiziwi, unanipa nini? Nibaki kujichukia mimi niliyesema kwa sauti ndogo?" Akang'oa gugu. "Mwambie asije tena hapa. Mwambie simsamehe, na sitamsamehe, na nikimwona mjini nitasema alinikatalia."

Marcelino alikuwa anahamisha macho kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, kama anayetazama ndege. "Amesemaje?" akauliza. "Paska, amesemaje?"

Paskalina alimtazama mumewe kwenye tope, na kofia yake mkononi. Akainama karibu na sikio lake.

"Amesema amekusamehe!"

Uso wa mzee ulifunguka. Alimgeukia Anjela, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili kabla hajauondoa, akauweka kwenye paji la uso wake. Anjela alimtazama Paskalina kwa namna ambayo Paskalina hakuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata Marcelino aliamka mapema, akachukua jembe, akasema anakwenda kumsaidia yule mtoto mwenye moyo mkubwa. Paskalina alishika mlango, akaachia. Angemwambia nini?

Anjela alipofika kinyunguni alimkuta ameshapalilia matuta manne. Alimwambia aondoke. Marcelino alikuwa amempa mgongo, akiendelea. Anjela akapaza sauti, akamtukana, matusi ambayo hajawahi kumtolea mtu mzima, mpaka wanawake wa vinyungu vya jirani wakainuka kutazama. Mzee alimaliza tuta la tano, akahamia la sita, akiondoa majani kwa uangalifu asiguse mizizi ya maharage. Alipogeuka kunyoosha mgongo akamwona, akamwonyesha kazi kwa mkono, kwa furaha.

Anjela akaketi kwenye ukingo wa mfereji. Kulikuwa bado na matuta mengi, na mzee alikuja kila Jumamosi mpaka maharage yalipovunwa.